Haumi Si Jibu

Jioni, nyundo za mafundi wa mtaa wa Katwe zikishanyamaza, Odero hunawa masizi na kumfungua mbwa wake. Odero hutengeneza majiko ya mkaa, yale yanayoitwa sigiri. Mbwa ni mweusi tii, basi akamwita Sigiri. Huenda pamoja kwenye kiwanja cha mpira, na huko mbwa hukimbia atakavyo.

Jirani yake, Bi Sitti, hupita kiwanjani hapo akienda kuswali magharibi. Jioni moja Sigiri alimwona, akamfuata mbio.

"Haumi huyo, mama! Usiogope!" Odero alipaza sauti.

Bi Sitti alikimbia. Sigiri alidhani ni mchezo. Akamrukia, akamlamba mkono na nguo.

"Sigiri! Njoo!" Mbwa hakugeuza hata sikio.

Bi Sitti alisimama akihema. "Kila siku haumi, haumi. Nani amekuuliza kama anauma? Tazama mate haya. Nitaswali nayo? Nikirudi kubadili nguo, jamaa wameshamaliza."

"Pole, mama. Alikuwa anakusalimu tu."

"Mwambie salamu zimefika. Asizilete tena."

Mwenyekiti wa mtaa alisikia. Alimwambia Odero, "Likija lalamiko jingine, mbwa huyo aondoke hapa."

Odero aliingiwa na hofu. Alimlea Sigiri tangu alipokuwa mdogo wa kulala ndani ya jiko bovu. Akaenda kwa Ochan, mhudumu wa mifugo aliyemchanja Sigiri dhidi ya kichaa cha mbwa.

"Ukimwita kiwanjani, unamfanyia nini?" Ochan aliuliza.

"Namfunga, tunarudi nyumbani."

Ochan alicheka. "Basi kwake jina hilo maana yake mnyororo. Hata mimi nisingekuja."

Akaeleza taratibu. "Mfunge kamba ndefu. Mwite. Akija, mpe dagaa, kisha mwache acheze tena. Rudia kila siku. Mpaka aje kila anapoitwa, usimwache huru kiwanjani. Na ukiona mtu anakuja, mwite umshike kwanza."

"Lakini amechanjwa."

"Chanjo humkinga na kichaa, haimfundishi adabu. Mbwa mpole naye huuma akishtuka. Akimuuma mtu, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kwa robo saa. Kisha aliyeumwa aende kituo cha afya, hata kama mbwa amechanjwa."

"Na Bi Sitti afanye nini?"

"Asikimbie. Asimame kama mlingoti, mikono ikae karibu na mwili, asimtazame mbwa machoni."

Odero alimpelekea Bi Sitti maneno hayo.

"Mimi niwe mlingoti?" Bi Sitti aliuliza. "Wa goli au wa bendera?"

"Wowote, mama. Lakini kazi kubwa ni yangu."

Wiki zikapita. Mfuko wa Odero ulinuka dagaa, na mafundi wenzake walimwita muuza samaki. Sigiri alizoea kuja akiitwa, na Odero akaanza kumwacha huru tena.

Jioni moja Bi Sitti alitokea ghafla pembeni mwa kiwanja. Sigiri aliinua masikio, akaanza mbio. Bi Sitti alisimama wima, macho chini.

"Sigiri! Njoo!"

Mbwa akapunguza mwendo. Akamtazama Bi Sitti, akamtazama Odero. Akageuka. Odero akamfunga kamba na kumpa dagaa wake.

"Nimemshika, mama," alisema. "Pita."

Bi Sitti akapita bila haraka, nguo zake kavu. Adhana ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.