Walimtangaza Binti Yangu Kuwa Amepona

Nina miaka hamsini na mmoja, fundi baiskeli wa Bulumbi, huku Busia. Shule niliiacha mapema, lakini husoma kila kinachonifikia mkononi. Nawaandikia kwa sababu nimebanwa... na aliyenibana ni dada yangu wa tumbo moja!

Binti yangu Athieno ana miaka tisa. Hawezi kutulia. Daktari alituambia ni ADHD, hali ya ubongo, si ukaidi. Nilisoma, nikamwendea mwalimu wake, tukakubaliana akae mbele, apewe kazi fupifupi, atumwe kufuta ubao akianza kuchemka. Mambo yakaanza kunyooka.

Ndipo dada akaja kutoka Tororo na kopo la unga wa virutubisho anaouza. Nilimwuliza unga huo umepimwa wapi. Akasema mimi na vitabu vyangu tutamchelewesha mtoto. Mke wangu alikuwa amechoka, akaukoroga kwenye uji. Nami nikarudi kwenye baiskeli zangu...

Unga ule ulimvuruga tumbo. Athieno akalala mkekani, macho yamelegea, hana nguvu hata ya kukimbiza kuku. Dada akainua simu.

"Oneni, ametulia! Mungu ni mwema!"

Kumbe alikuwa anarekodi! Video ikasambaa Tororo yote, ikafika Mella, ikafika kwetu. Tuliacha unga, tumbo likatulia, Athieno akarudi kuwa Athieno. Lakini nani angeamini kwamba hakuwahi kupona?

Mwalimu akamhamishia nyuma, akashika fimbo. Nilipomwendea alicheka.

"Mzee, si sote tumeona amepona? Huu sasa ni utundu tu!"

Nilimsihi dada aifute ile video. Akalia.

"Kaka, nikifuta, wateja watanirarua. Na Mama atakula nini?"

Mama yetu mzee anaishi kwake, yeye ndiye anayemlisha. Nikisema, namtupa mama yangu. Nikinyamaza, namtupa mwanangu. Ningegeukia wapi?

Mwezi uliopita Athieno alirudi shuleni na alama za fimbo miguuni. Mama yake akimkanda kwa maji ya moto, mtoto akanitazama.

"Baba, mimi nilipona lini?"

Kesho yake nilisimama kwenye mkutano wa wazazi, nikaeleza yote. Wengine waliguna. Mwalimu alitazama chini. Tangu siku hiyo dada hapokei simu yangu, na sauti ya Mama sijaisikia.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Kabla ya kumpa mtoto kopo lolote, muulizeni daktari. Na mtu akiinua simu mbele ya mwanenu, izibeni kwa mkono, hata awe ndugu. Mimi nilichelewa. Video bado inazunguka, na Athieno bado anakaa nyuma.