Gramu Mia Mbili na Ishirini

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, msimtafute mwingine.

—Wadih, kifaa chako?

—Kipo.

—Kifuani?

—Rindala, wewe ni mchumba wangu au askari wa mpakani?

Akacheka, nami nikacheka. Kifaa kilikuwa huko chini, ndani ya mkoba wa baiskeli yangu, kimelala pamoja na koleo la kuchimbia theluji.

Sote wawili tunashindana mbio za baiskeli. Majira ya baridi mbio hazipo, kwa hiyo tunapumzika anavyopenda yeye: tunapanda barabara ya theluji juu ya kijiji cha Faraya kwa baiskeli za matairi mapana, mbao za kuteleza mgongoni, tunaziacha baiskeli kwenye kibanda cha wachungaji, tunamalizia kilele kwa miguu, kisha tunateleza kurudi. Raha yake haina mfano. Lakini hapandi mtu bila kifaa cha ishara kifuani. Mwenzako akifukiwa na theluji, chako ndicho kinachomtafuta.

Sasa mpanda baiskeli wa mashindano huhesabu gramu kama bahili. Mimi nimewahi kukata mpini wa mswaki ili mkoba uwe mwepesi. Asubuhi ile Rindala alikuwa ananiacha kila kilima, na mkanda wa kifaa ulinichubua. Nikakivua. Gramu mia mbili na ishirini. Kibandani nikaona uvivu kukitoa.

—Natangulia! akaita kutoka kileleni. Usinikanyage mkia!

Akateleza mikunjo mitatu, safi kama mshonaji. Mara mteremko ukapasuka, sauti kama shuka kubwa inachanwa. Theluji ikambeba. Kisha kimya.

Mkono wangu ukaenda kifuani wenyewe. Haukukuta kitu ila moyo.

Nimeshaanguka kwenye mteremko wa lami, nikavunjika mtulinga mara mbili. Nilidhani naijua hofu. Kumbe tulikuwa tunasalimiana tu. Nikampigia baba yake, Ami Nakhle, mwenye tanuri la mikate kijijini.

—Ami! Rindala amefukiwa!

—Kifaa chako kinasema mita ngapi?

Nikatupa macho chini, kwenye kibanda.

—Wadih! Mita ngapi?

—Sinacho, ami.

Nikasikia sinia likianguka upande wake. Kisha sauti ikaja, ndogo:

—Basi tumia macho, mwanangu. Macho na mikono. Tunakuja.

Dakika kumi na tano. Kila mtu wa mlima ule anaijua hesabu hiyo. Zikipita, mara nyingi unatafuta maiti. Nikakimbia, nikazama hadi kiunoni, nikatoka, nikazama tena. Dakika ya nne, theluji tupu. Dakika ya sita nikaona kitu cha kijani, kidogo kama ukucha. Ncha ya ubao wake.

Nikavua kofia yangu ya baiskeli nikachimba nayo. Goti. Mkono. Uso, midomo ya buluu.

—Rindala! Nijibu, mpenzi! Nijibu!

Akakohoa. Akatema theluji. Akanitazama.

—Koleo liko wapi?

Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwangu kwa siku tisa. Nilituma ujumbe: "Mbavu zilizovunjika zinaendeleaje?" Akasoma, kimya. "Umekula?" Kimya. "Nisamehe, roho yangu." Usiku wa siku ya tisa akajibu: "Roho yako uliiacha kwenye mkoba wa baiskeli."

Siku ya kumi nikavaa suti nikaenda kwao. Ami Nakhle akaniwekea kahawa. Kwetu mwenye haja haigusi kahawa mpaka akubaliwe. Ikakaa mbele yangu, inapoa.

—Ami, nimekuja kumposa upya.

—Mwombe mwenyewe. Mimi sauti yangu niliimalizia kwenye simu ile.

Rindala akaingia, ameshika mbavu. Nikafungua vifungo vya shati. Kifaa kilikuwa kifuani.

—Sijakivua tangu siku ile. Hata kanisani.

—Bado ni gramu mia mbili na ishirini?

—Ndiyo.

—Mimi nina kilo hamsini na nane. Gramu zilikushinda, kilo utaziweza?

—Nilikosea, Rindala. Nilichoka tu...

—Ungesema umechoka tungeshuka. Nilikuuliza mara mbili, ukanifanyia mzaha.

Ami Nakhle akakohoa.

—Binti yangu, kijana alichimba kwa kofia. Tazama vidole vyake, bado vimevimba.

—Angekuwa na koleo, baba, visingevimba.

Mzee akageukia dirisha. Mimi nikaitazama kahawa. Povu lilikuwa limekwisha.

—Basi niende zangu?

Akakisukuma kikombe mpaka kikagusa vidole vyangu.

—Kunywa hiyo kahawa yako baridi, Wadih. Mbavu zikipona tunapanda tena, na mzigo wote, wangu na wako, utaubeba wewe.