Nani Alishika Tochi?

Kila siku baada ya masomo, Vahwere alipitia kwenye ateliye, yaani karakana, ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Ateliye hiyo ilikuwa banda kubwa la mabati kando ya barabara, katika mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia. Vahwere aliweka begi lake la shule juu ya kabati, akavaa koti la jinzi la mikono mirefu juu ya sare yake, kisha akachukua ufagio na kuanza kukusanya vipande vya chuma vilivyozagaa sakafuni.

Mama yake, Musoki, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimletea milango, vitanda na fremu za pikipiki. Lakini kazi iliyompa sifa hata nje ya Bunia ilikuwa ile ya inox, chuma cheupe kisichoshika kutu. Kwa kazi hiyo alitumia mashine ya TIG. Tochi ya mashine hiyo hushikwa kama kalamu. Ncha yake ni kijiti chembamba cha tungsteni kinachotoa mwale mkali wa umeme, na kuizunguka ncha hiyo hutoka gesi ya argon, ili hewa isiharibu chuma kinapoyeyuka.

"Mwale huu ni muzuri kama nyota," Musoki alipenda kusema, "lakini kama hauna maske ya kukinga uso, usiuangalie hata kidogo. Unaunguza macho kabla weye mwenyewe ujue."

Vahwere alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwa na kaka wa kuzaliwa naye. Aliyekuwa kama kaka yake ni Prudent, mtoto wa mdogo wake Musoki, aliyetoka Butembo kuja kujifunza ufundi. Prudent alikuwa na miaka kumi na saba. Ndiye aliyemfundisha Vahwere kuendesha baiskeli. Wavulana wa mtaani walipomcheka kwa kuwa anashinda kwenye vyuma kama mwanaume, Prudent ndiye aliyewanyamazisha. Vahwere alimwita Yaya Prudent, yaani kaka mkubwa, na neno lake aliliamini kuliko la mtu yeyote, isipokuwa mama.

Siku moja ya Ijumaa, Musoki alipanda gari kwenda Bogoro kupachika lango jipya la kanisa. Kabla ya kuondoka alionyesha pipa la inox lililokuwa pembeni. Lilikuwa la Mama Pétronille, aliyenunua maziwa ya wafugaji na kutengeneza yoghurt. Bomba dogo la kutolea maziwa lilikuwa limeng'oka chini ya pipa hilo.

"Pipa hii nitafanya mimi mwenyewe kesho," alimwambia Prudent. "Weye endelea na vitanda. Tochi ya TIG haujaizoea bado. Usiiguse."

"Sawa, mama mukubwa," Prudent akajibu.

Vahwere alipofika kutoka shuleni saa nane, alikuta mlango wa ateliye umefungwa nusu. Ndani, Prudent alikuwa ameshaweka pipa juu ya meza na kuvuta mashine ya TIG karibu.

"Yaya, mama hakusema tusubiri?"

"Alisema. Lakini akirudi akute kazi imekwisha, atafurahi sana. Tangu nifike hapa ninachomelea vitanda tu. Niko muntu mukubwa sasa. Nataka aone." Akatabasamu lile tabasamu ambalo Vahwere hakuweza kulikataa. "Shida ni moja tu, bomba linateleza. Nishikie kwa mikono miwili, dakika chache tu."

"Maske ya pili iko wapi?"

"Kioo chake kilipasuka. Funga macho, geuza uso upande. Na hilo koti lako vua, litashika moto. Mimi yaya yako, naweza kukuumiza?"

Vahwere alijua maneno hayo hayakuwa sawa. Koti la mikono mirefu ndilo mama yake alilomkataza kuvua. Lakini aliyesema alikuwa Yaya Prudent. Akavua koti, akavua na sweta ya shule, akabaki na fulana ya mikono mifupi. Akakunja kitambaa, akakizungusha kwenye bomba, na kulishika kwa mikono yake yote miwili.

Prudent alifungua mtungi wa argon haraka. Mahali mpira wa gesi ulipoungana na mtungi palisikika sauti ndogo, ssss, lakini hakusimama kupaangalia. Akavaa maske yake, akawasha.

Mwanga mweupe ulijaa chumba. Hata macho yakiwa yamefungwa, Vahwere aliuona ukipenya kwenye kope zake. Mara mbili bomba lilitaka kuteleza, akalazimika kufumbua macho ili alirudishe mahali pake. Mara ncha ya tungsteni ikagusa chuma na kunata. Prudent akainyofoa, akafuta kidogo, akaendelea bila kuinoa upya.

Alipomaliza, mshono ulikuwa mweusi na wenye vijitundu, si ule mstari mwembamba unaong'aa wa Musoki. Prudent aliusugua kwa brashi ya chuma mpaka ukafanana na kazi nzuri. Muda mfupi baadaye akapita dereva wa pikipiki aliyetumwa na Mama Pétronille kuulizia pipa, naye Prudent akampa alichukue.

"Sikiliza, Vahwere," akasema, akimshika bega. "Mushono haukutoka muzuri, sitaki tena auone. Hii ni siri ya siye wawili. Nitamwambia mama mwenyewe, pole pole. Uniahidi."

"Naahidi, Yaya."

Jioni hiyo macho ya Vahwere yalianza kuwasha. Baadaye yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Machozi yalimtoka bila kukoma, na mwanga wa taa ulimchoma kama sindano. Musoki alipofika kutoka Bogoro akamwuliza ana nini.

"Ni moshi wa makala, mama. Nilikuwa napika kwenye jiko la mkaa."

Alisema hivyo akimtazama Prudent, akimngojea aseme neno. Prudent aliendelea kula.

Asubuhi, kabla hawajamaliza chai, sauti ya Mama Pétronille ilisikika uani.

"Musoki! Musoki, umenifanyia nini? Maziwa yote ya asubuhi imemwangika! Nimeamini kazi yako miaka yote hii!"

Musoki alitoka nje akiwa ameshangaa. "Pipa yako? Pipa yako iko ateliye, sijaigusa."

"Iko kwangu tangu jana. Na mushono umejaa matundu kama kichujio."

Musoki akamgeukia Prudent. Vahwere, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa amefunika macho kwa kitambaa chenye maji, alishusha pumzi. Sasa Yaya atasema, aliwaza. Sasa ndiyo saa yenyewe.

"Mama mukubwa," Prudent akasema, akitazama chini, "sikutaka kumuchongea. Ni Vahwere. Nilikuwa nimeenda sokoni kutafuta diski za kukatia. Nilipotoka, akachukua tochi akachomelea mwenyewe. Unajua ulimuonyesha kidogo kuchomelea siku moja. Nilimuonea huruma, nikanyamaza. Muangalie macho yake. Yanaonyesha yenyewe."

Vahwere aliondoa kitambaa machoni. Macho aliyoyaumiza kwa kumsaidia Prudent, Prudent alikuwa anayatumia kumshitaki.

"Ni bongo!" akapaza sauti. "Mama, anadanganya! Ni yeye! Aliniambia nishike..."

"Jana uliniambia ni moshi wa makala," Musoki akasema kwa sauti nzito. "Leo unasema jambo lingine. Nishike neno gani?"

Uongo mdogo wa Vahwere wa jana ulikuwa umekaa mlangoni mwa ukweli wake wa leo na kuuzuia usipite. Alilia, na machozi yakazidi kumchoma.

Musoki alimwomba Mama Pétronille msamaha na kuahidi kulitengeneza upya pipa siku hiyo hiyo. Jirani mmoja aliyesikia kelele akashauri mtoto awekewe maji ya viazi machoni, lakini Musoki alikataa. Akamshika binti yake mkono, wakaenda kwenye kituo cha afya.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Sylvestre. Aliyachunguza macho ya Vahwere kwa utaratibu, akamtia dawa ya matone.

"Mwale wa kusudea, wa kuchomelea vyuma, umemuunguza," akasema. "Asiyasugue, akae mahali pasipo mwanga mukali, aweke kitambaa cha baridi juu ya kope. Mukitumia dawa hii vizuri, yatapona upesi. Lakini mambo haya yakirudiarudia, macho yanaharibika kabisa. Na musiweke viazi wala maziwa. Uchafu ukiingia, itakuwa ugonjwa mwingine." Kisha akageuza mikono ya Vahwere. "Hata ngozi imeungua. Tazama, mama. Migongo ya mikono, yote miwili, na shingo. Nitamupa pomada ya kupaka."

Musoki aliinama kutazama. Migongo ya mikono yote miwili ilikuwa myekundu, sawasawa, kuanzia vifundo vya vidole mpaka karibu na viwiko. Viganja havikuwa na kitu. Shingo ilikuwa imeungua upande mmoja tu, kama ya mtu aliyegeuza uso pembeni.

Aliitazama mikono hiyo kwa muda mrefu. Vahwere aliona uso wa mama yake ukibadilika.

"Tuende ateliye, mutoto wangu," akasema kwa sauti ya chini.

Prudent alikuwa ateliye akikata vyuma. Musoki alimwomba azime mashine. Mama Pétronille alikuwa ameshafika na pipa lake.

"Prudent, nionyeshe namna Vahwere alivyofanya kazi hii peke yake. Bomba linateleza. Lishike."

Prudent akalishika kwa mkono mmoja.

"Sasa shika tochi." Akashika kwa mkono wa pili.

"Muntu anayeshika tochi anavaa glavu. Kama hakuvaa, mukono wa tochi unaungua kuliko mwingine, kwa sababu uko karibu na mwale. Tazama mikono ya mutoto huyu. Imeungua sawasawa, na viganja vyote viwili ni vizima. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika bomba." Musoki akaionyesha tochi kwa kidole. "Basi, tochi ilishikwa na nani?"

Prudent aliiweka tochi mezani. Akakaa juu ya kipande cha ubao na kufunika uso wake.

"Ni mimi, mama mukubwa. Niliogopa utanirudisha Butembo."

"Uliogopa wewe," Vahwere akasema, "ukanitupa mimi." Hakumwita Yaya.

Akasogea, akasimama kando ya mama yake.

Musoki hakupiga kelele. Alimwambia Prudent asimame, amgeukie Mama Pétronille na kurudia maneno yale yale mbele yake. Prudent alirudia, akalia, na kuahidi kwamba atakwenda kumsafishia vyombo vyake vya maziwa kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha. Mama Pétronille alitikisa kichwa, kisha akakubali.

"Sasa tutengeneze," Musoki akasema. "Vahwere, kaa nje kwenye kivuli, macho yapumzike. Utasikiliza tu. Prudent, fanya kila kitu kwa kusema."

Vahwere alikaa nyuma ya ukuta wa mabati na kusikia sauti ya Prudent ikitoka ndani, ndogo na yenye aibu.

"Nafungua mlango, hewa ipite, maana argon inaweza kusukuma hewa ya kupumua. Naangalia mutungi: umesimama, umefungwa mnyororo. Naweka maji ya sabuni kwenye maungio... mapovu yanatoka. Hapa gesi inavuja." Spana ikagonga chuma. "Nakaza. Sasa hakuna mapovu. Nazima mashine kabla ya kugusa ncha. Naivua, nainoa, navaa barakoa kwa sababu ya vumbi. Kikombe cha tochi, kile kinachozunguka ncha, kimepasuka, naweka kingine. Nafunga bano la masi, la waya wa kurudisha umeme, kwenye chuma kisafi. Bomba nalibana kwa klemu, si kwa mikono ya muntu."

"Endelea," sauti ya Musoki ikasema.

"Navaa glavu, koti, maske. Naangalia kama kuna muntu karibu asiye na maske. Hakuna."

Kisha Musoki alichukua tochi na kuchomelea mwenyewe. Maji yalipojazwa ndani ya pipa, hata tone moja halikupita.

Prudent alitoka nje, akasimama mbele ya Vahwere. "Unisamehe," akasema.

Vahwere angeweza kusema ndiyo ili mambo yaishe, lakini uongo alikuwa amechoka nao.

"Bado," akajibu.

Prudent akainamisha kichwa na kurudi ndani. Musoki akaja kukaa karibu na binti yake, akamwekea kitambaa cha baridi juu ya macho.

"Mimi pia nimekukosea. Ningetazama mikono yako kwanza, mbele ya kukuhukumu," akasema. "Lakini ushike neno hili, Vahwere. Muntu akikuomba uvue kinga yako kwa sababu anakupenda, usikubali. Anayekupenda atakuvalisha. Na siri inayoficha hatari si siri ya kutunza, hata kama umeahidi. Ungesema jana jioni, macho yangetibiwa mapema, na maziwa ya Mama Pétronille yasingemwangika."

"Na Yaya Prudent?" Vahwere akauliza. Neno hilo lilimtoka lenyewe, na likamuuma.

"Prudent atasema kweli leo, na kesho, na siku zitakazofuata. Imani ni kama ule mushono: ukiusugua kwa brashi ung'ae juu, utavuja tu. Lazima uchomelewe upya kutoka chini, na hiyo ni kazi yake, si yako. Weye kazi yako sasa ni kupona."