Chai Aliyoikataa Mama Benta

Simu ilitetemeka mfukoni Huzaifa akiwa katikati ya maelezo.

"Mama yuko kwa hao wageni wako. Kitambaa cha kijani. Nimemwambia kwenu ni Port Victoria. Tafadhali usiniangushe. Amolo."

Weee! Mama wa mchumba wake, leo! Kila Jumamosi Huzaifa huwatembeza watu kwenye nyumba za zamani za Kisumu, na ya mwisho ni ya kwao hapo Kaloleni, aliyoijenga babu wa babake. Leo, nyuma ya wageni wengine, mama wa kitambaa cha kijani alikuwa akigongagonga ukuta kwa kidole kama anayechagua tikiti sokoni.

Wenzake walipoaga, yeye akabaki.

"Karibu chai, Mama," Huzaifa akasema.

"Asante. Weka sukari mbili." Akaketi. "Mimi ni Benta, mamake Amolo. Nyumba nimeona, ni nzuri. Lakini hii ni nyumba ya town. Dala, boma la ukoo, ni wapi? Kule nyumbani, watu wenu wamelala wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Port Victoria, basi, na Amolo ni wake. Lakini angeulizwa kijiji gani, jirani nani, na yeye Port Victoria alipajua kwa kununua omena tu.

"Mama, sina kwingine. Amolo alisema vile kwa kuogopa. Babu wa baba alitoka Pwani, akaoa hapa, hakurudi. Wote wamezikwa makaburi ya Waislamu hapa hapa mjini."

"Kwa hivyo huna kwenu."

Lo! Maneno hayo yalimchoma. Miaka thelathini anaulizwa hilo hilo, shuleni, kwa chifu, kila kona. Amechoka.

"Ninako! Nilizaliwa chumba kile cha nyuma, nyanya ndiye alikuwa mkunga. Kondo langu la nyuma alilizika pale kando ya jiko. La baba liko pale. La babu pia. Na la Amolo, Mama, mlilizika wapi?"

Akajuta papo hapo. Jamani, mtu unamuuliza mama wa mchumba wako swali kama hilo!

Mama Benta akakoroga chai yake.

"Amolo alizaliwa hospitali. Niliwaomba wanipe. Wakasema wameshatupa." Sauti ikashuka. "Mama mkwe alinilaumu mpaka siku ya kufa kwake. Na mimi bado najilaumu."

Akainuka. Akaenda kando ya jiko, akainama, akaugusa ule udongo kwa kiganja. Aliporudi, akakisukuma kikombe mbali. Hakuwa ameonja hata tone.

"Hii chai sinywi."

Huzaifa akamfuata mlangoni.

"Mama, nisamehe, nilikosa adabu. Lakini nampenda Amolo. Usiondoke hivyo."

Mama Benta alishavuka mlango, yuko barabarani. Ndipo akageuka.

"Kwani hujui mila, kijana? Ukinikaribisha kama mgeni, nakunywa. Lakini siwezi kula kwa mkwe wangu ovyo ovyo. Leta wazee wako kwetu Luanda Kotieno kwanza."

Akaenda zake, anatembea haraka kama mtu aliyekaribia kufanya aibu.

Huzaifa akapiga simu.

"Amolo, mama yako amekataa chai."

"Amekataa? Huzaifa, kweli? Apa kwa Mungu!"

"Hakuonja hata kidogo."

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu vilimfanya aiweke mbali na sikio. Akaketi, akainywa ile chai mwenyewe, tamu kupita kiasi, huku akilia.