Kopo la Mvua na Matofali ya Bibi

Mimi si mtu wa kudanganywa. Naanza na hilo ili tuelewane mapema. Nimemaliza sekondari, simu yangu haikosi chaji, na mtaani wananiita Profesa. Ni kweli kwamba jina hilo nilipewa na mjomba siku nilipojifungia chooni nikashindwa kutoka. Lakini jina ni jina.

Nyumbani tuko watatu: mama, bibi na mimi. Mama anafyatua matofali ya udongo. Anakanda udongo kwa miguu, anaujaza kwenye kisanduku cha mbao, anausawazisha kwa kiganja, kisha anauanika juani. Bibi ndiye aliyemzaa mama. Yeye ananiita mume wangu, na mimi namwita mchumba. Mwaka huu ameanza kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Tangu hapo hapitwi na herufi. Anasoma mfuko wa chumvi, anasoma karatasi ya sabuni, anasoma hata onyo lililoandikwa kwenye dawa ya mende.

Mvua za mwaka jana ziliangusha ukuta wa chumba chake. Toka siku hiyo analala sebuleni, nyuma ya pazia, kichwa kikiwa karibu na kabati la vyombo. Kwa hiyo matofali ya msimu huu hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya chumba cha bibi. Yalipangwa uani safu kwa safu, bado mabichi. Yalihitaji siku nne zaidi za jua kabla ya kuingia kwenye tanuri.

Jumatatu asubuhi simu ya mama ililia. Ujumbe ulitoka kwa watu wa hali ya hewa. Mama alimpa bibi ausome, maana ukimnyima ananuna.

"M-vu-a ku-bwa," bibi alisoma. "I-na-ta-ra-ji-wa. Ndani ya siku tatu."

Mama alitazama uani. Alitazama juu. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Tuyafunike?" aliuliza. "Nikiyafunika hayatakauka upesi. Nikiyaacha na mvua ikaja, udongo unarudi kuwa udongo."

Kufunika si kazi ya mchezo. Unanyanyua matofali yote, moja moja, unayapanga juu ya vipande vya matofali yaliyochomwa ili maji yasiyafikie kwa chini. Unasimamisha miti, unatandaza turubai, unachimba mtaro kuzunguka. Na kila ninapoona jembe, mgongo wangu huanza kuuma.

"Mama," nikasema, "hizo ni habari za uongo. Ngoja nikuonyeshe."

Nilikuwa na video. Mwanaume mmoja amevaa koti jeupe na miwani, nyuma yake kuna kompyuta nne. Anasema yeye ni daktari wa mawingu. Anasema hali ya hewa haijabadilika hata kidogo, na kwamba vipimo vya mvua hupangwa ofisini na wanasiasa. Alisema vizuri sana. Hakukohoa hata mara moja.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Daktari wa mawingu. Si unaona koti?"

Tulikwenda kwa mjomba kupata maoni ya tatu. Mjomba ni kaka yake mama, na ni kinyozi. Kibanda chake ndilo bunge la mtaa. Ukiingia na nywele unatoka na siasa.

"Dada, usifunike," mjomba alisema, mashine ikiwa inanguruma mkononi. "Mgombea wetu anasema mvua ni zilezile. Yule wa upande wa pili ndiye anasema zimebadilika. Ukifunika matofali, ni kama umeshampigia kura."

"Mimi nafunika matofali," mama alisema. "Kura na matofali wapi na wapi?"

"Watu watasema."

"Watu watakuja kulala na mama sebuleni?"

Mjomba akazima mashine, akashika wembe. Mteja naye akaganda kitini, ingawa yeye alikuwa akiogopa wembe.

Hapo nikaona nafasi yangu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha letu, kuna ofisi ya maji. Ndani ya uzio wake mfupi kuna kopo refu la bati lenye mdomo mpana. Ndilo kopo la kupimia mvua. Kila siku saa tatu asubuhi, inyeshe isinyeshe, mama mmoja mfanyakazi wa ofisi hiyo huja kulifungua na kuandika daftarini. Mtaa unamwita Mama Milimita.

"Kopo lile ni mapambo," nikatangaza. "Kesho saa tatu twendeni sote. Mtaona wenyewe kama linasema kweli."

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida yangu. Nilikuwa na shughuli ndogo. Si jambo la kusimulia.

Saa tatu tulikuwa pale: mama, mjomba na mimi. Mama Milimita alifungua kopo, akamimina kilichomo kwenye gilasi nyembamba yenye mistari. Akainua gilasi hadi usawa wa macho.

"Milimita kumi na nne," akasema polepole.

"Mmesikia?" nikaruka. "Milimita kumi na nne. Jana mvua ilinyesha? Nani alilowa? Mjomba, ulilowa?"

"Sikulowa," mjomba alisema.

"Basi. Kopo linadanganya. Daktari alisema."

Nilitegemea Mama Milimita atababaika. Hakubabaika. Aliinama akagusa nyasi. Zilikuwa kavu, zikavunjika vidoleni. Alitazama nguo zilizolala kambani kwetu tangu jana. Zilikuwa zimekakamaa kwa ukavu. Kisha alipiga simu mbili, moja kwa kituo cha kupimia mvua cha mlimani na nyingine kwa kile cha shuleni. Wote wakamwambia: sifuri. Akaingiza kidole kwenye gilasi, akakinusa. Akaandika mstari mmoja mrefu daftarini, akafunga.

"Umeandika kumi na nne?" mjomba aliuliza.

"Nimeandika nilichokikuta, na nimeandika kwamba si mvua. Kopo linaweza kukosea, mjomba. Ndege anaweza kuingia. Jani linaweza kuziba. Mtu pia anaweza." Hapo alinitazama kidogo, au labda jua lilimpiga machoni. "Ndiyo maana hatuamini kopo moja. Tunauliza la jirani, na la jirani yake."

"Na daktari wa mawingu?" nikauliza, nikampa simu.

Aliitazama video mpaka mwisho. Hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

"Mimi huwa na maswali matatu," alisema. "Anayesema ni nani? Amejuaje? Na ni nani mwingine aliyepima akapata hivyohivyo? Huyu hajataja jina lake wala kituo chake. Hajaonyesha kipimo hata kimoja."

Mjomba alikuwa amenyoosha shingo. Ghafla akaichukua simu.

"Huyu namjua," alisema. "Huyuhuyu, koti hilihili. Kwenye video yangu ni daktari wa nywele. Anauza mafuta ya kuotesha nywele."

"Una uhakika?" mama aliuliza.

"Nilinunua chupa mbili."

Sote tukatazama kichwa cha mjomba. Kiling'aa kwa ukimya.

"Ni mtu kweli, au ni picha ya kompyuta?" mjomba akauliza kwa unyonge.

"Sijui," Mama Milimita alisema. "Siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza mtu anayezungumza, na huyo mtu hajazaliwa popote. Sijapima, kwa hiyo sisemi."

Mama alirudi kwenye lake. "Jirani, niambie mimi. Itanyesha au hainyeshi?"

"Siwezi kukuapia. Siku kumi zikifanana na hizi, saba huleta mvua kubwa na tatu hupita hivihivi. Ukifunika isinyeshe, umepoteza nini?"

"Jasho, na siku mbili tatu za jua."

"Usipofunika ikanyesha?"

Mama aligeuka akatazama dirisha letu. Bibi alikuwa amekaa pale na kitabu chake, midomo ikicheza.

Mjomba hakuwa tayari kushindwa. "Lakini hayo mabadiliko. Mwezi uliopita asubuhi moja palikuwa na baridi hadi mashine yangu ikagoma. Joto linaongezeka wapi?"

"Mteja mmoja akiingia kwako na upara," Mama Milimita alisema, "utasema mtaa mzima umeota upara?"

"Siwezi. Mpaka nione wateja wa miaka mingi."

"Basi umeshajijibu. Asubuhi moja ni hali ya hewa. Wateja wa miaka mingi ndiyo tabianchi." Akafungua kurasa za nyuma za daftari. Ziliandikwa kwa miandiko mitatu tofauti, wa kwanza umefifia. "Huyu alistaafu. Huyu alifariki. Huyu ni mimi. Zamani mvua ya kupita milimita hamsini kwa siku ilikuja hapa mara moja katika miaka mitatu. Siku hizi inakuja karibu kila mwaka. Mwaka jana ilikuja mara mbili."

"Ya pili iliondoka na ukuta," mama alisema.

"Daftari langu peke yake halitoshi kusema habari za dunia. Lakini yapo maelfu, katika nchi nyingi, hata zile zisizosalimiana. Yakiwekwa pamoja yanaonyesha joto linapanda. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa iliyomo kwenye moshi wa mafuta na makaa ya mawe tunayochoma. Inabaki angani na kutufunika kama blanketi."

"Na moshi wa tanuri langu?" mama aliuliza.

"Nao umo, kidogo sana. Ukiziba nyufa za tanuri utatumia kuni chache, na matofali yataiva vizuri zaidi."

Mjomba alikuna kichwa, penye nafasi nyingi ya kukuna. "Sasa mgombea wangu?"

"Tuchimbe mfereji wa kuondoa maji ya mvua mtaani au tusichimbe, uanzie wapi, hayo bishaneni. Ndiyo kazi ya siasa. Lakini kopo halina chama. Milimita hazipigi kura."

Mama alikuwa ameshavuka barabara.

Tulifunika siku nzima. Niseme walifunika. Mimi nilikuwa na safu yangu moja niliyofyatua kwa mkono wangu, nikakataa isiguswe.

"Ya nini hiyo?" mama aliuliza.

"Utafiti," nikajibu.

Jumanne ikapita kavu. Jumatano asubuhi ilikuwa kavu vilevile, nami nikaanza kupiga mluzi kila nilipopita karibu na turubai. Saa tisa alasiri mluzi ulikatika. Mvua ilikuja bila salamu. Ilipiga bati mpaka tukazungumza kwa mikono. Tulisimama mlangoni tukitazama mtaro wa mama ukibeba maji na kuyapeleka nje ya ua. Safu yangu ilisimama kwa muda, kisha ikalegea, kisha ikawa uji.

"Utafiti umekamilika?" mama aliuliza.

Kesho yake kopo lilikuwa na milimita sitini na mbili. Kituo cha mlimani kilipata hamsini na nane, cha shuleni sitini na tano. Chini ya turubai matofali yalikuwa makavu. Mimi nilifyatua safu yangu upya. Mgongo uliuma kwa haki kabisa.

Wiki sita baadaye bibi alihamia chumbani kwake. Mama Milimita alikuja kumtembelea. Alileta daftari lake, maana bibi alikuwa ameliomba. Vitabu vya darasani alishavimaliza vyote. Mjomba alikuwepo, na majirani wawili waliokuja kuona ukuta. Sasa kibandani kwake mjomba hakubali video mpaka apate majibu ya maswali matatu.

Wale majirani walisifu ukuta. Mimi sikuweza kuvumilia.

"Nilimwambia mama mapema," nikasema, nikipigapiga tofali. "Nilimwambia, amini vipimo. Mimi na kopo lile tunaelewana tangu zamani."

Mama aliacha kumimina chai. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kidole juu ya ukurasa.

"Mi-li-mi-ta ku-mi na n-ne," alisoma kwa sauti. "Si mvu-a. Ma-ji ya-na po-vu. Ya-na-nu-ki-a sa-bu-ni ya ka-ra-fu-u."

Majirani walitazamana. Katika mtaa wetu sabuni ya karafuu hutumiwa na mtu mmoja. Ni bibi.

"Siku hiyo naikumbuka," bibi alisema. "Nilikuwa dirishani na herufi zangu, hata jua halijapanda. Nikamwona mume wangu anapita na kopo langu la kuogea, limejaa. Nikafurahi. Nikasema, leo anaoga. Kumbe alikwenda kukiogesha kipimo."

Mjomba alianza kukohoa, na kile hakikuwa kikohozi.

Mama Milimita alinyoosha mkono, akaligeuza daftari lielekee kwangu. Mwisho wa mstari ule palikuwa na neno Sababu, na mbele yake nafasi tupu. Aliiacha wazi wiki zote sita. Akatoa kalamu mfukoni, akaiweka juu ya ukurasa.

"Andika kwa herufi kubwa, mume wangu," bibi alisema. "Nataka kuisoma mwenyewe."