Vikombe Viwili Juu ya Reli

Mume wa Bi Haraka ni dereva wa treni ya mizigo. Akirudi nyumbani, huvua viatu mlangoni, kisha huulizia chai. Jioni ile chai ilipoa mbele yake, na viatu vilikuwa bado miguuni.

"Kulikoni, mume wangu?"

"Kuna behewa limenitoa jasho. Nikichungulia nyuma, linayumba huku na huku, na reli imenyooka. Mbele kulikuwa na ile kona ya darajani. Sikuthubutu. Nikawaita stesheni kwa redio, wakaniambia nilirudishe polepole. Sasa limekatwa kwenye treni, liko uani pale stesheni na mzigo wake."

"Behewa gani?"

"Lile la saruji."

Bi Haraka aliweka birika chini. Lile la saruji alikuwa amelipakia yeye. Pale stesheni yeye ni msimamizi wa wapakiaji, na jina hilo hakulipata bure. Kikosi chake hufunga mlango wa behewa wakati wengine bado wanatafuta glavu zao. Sifa hiyo aliipenda, tusifichane. Lakini jioni ile hakuitaka tena. Nusura ampoteze mumewe kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja uani. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameshafika. Yeye ni mkaguzi wa magurudumu, huyagonga kwa nyundo asikie kama ni mazima. Alikuwa amechuchumaa kando ya behewa, tochi mkononi. Siku zote wawili hawa hutaniana. Bi Haraka humwita wifi fundi wa kugongagonga, naye wifi humuuliza anakimbizwa na nani.

"Wifi, gurudumu hilo ni zima," Bi Haraka alisema. "Tazama linavyong'aa. Nililichagua behewa hili kwa mzigo mzito kwa sababu ya huo mng'aro."

Wifi hakucheka, ingawa nafasi aliipata. "Sufuria nayo ikisuguliwa sana hung'aa, na mwisho wake hutoboka. Njoo uone."

Aliweka kipimo cha bati juu ya gurudumu, pale linapokanyaga reli. Akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapenya katikati.

"Hapo pamelika, pamefanya bonde. Bati lilitakiwa kulala vizuri, lisiache uwazi kama huu."

"Kibonde hicho ndicho kilichomtoa jasho kaka yako?"

"Subiri hapo."

Wifi alikwenda kwenye kibanda cha chai, akarudi na vikombe vya plastiki, vile vya mdomo mpana na kitako chembamba. Akaunganisha viwili, mdomo kwa mdomo, kwa utepe wa gundi. Akaegemeza mbao mbili nyembamba kwenye tofali, zikawa kama reli inayoteremka. Akaviachia vikombe juu yake, vimekaa upande kidogo. Vikaanza kuteremka, vikajigeuza vyenyewe, vikarudi katikati, vikafika chini salama.

"Nani kavigeuza?" Bi Haraka aliuliza.

"Hakuna. Ni umbo lake. Gurudumu letu nalo ni nene kidogo upande wa ndani kuliko upande wa nje. Tena yako mawili, yamekazwa kwenye chuma kimoja. Yakisogea kulia, la kulia linakanyaga reli kwa sehemu nene, linapiga hatua ndefu. La kushoto linapiga hatua fupi. Basi yanajigeuza kurudi katikati."

Bi Haraka aliomba aone tena, na tena. Nusu ya maisha yake ametembea kando ya magurudumu haya, na hakujua kwamba yana akili namna hii. Alimstahi sana aliyebuni umbo lile. Na wifi yake pia alimstahi, ila hakumwambia bado.

Wifi akachukua vikombe vingine viwili, akavibinya vikaingia mabonde, akaviunganisha vilevile. Safari hii vilipepesuka kama mlevi, kulia, kushoto, vikaanguka.

"Basi kosa ni la gurudumu," Bi Haraka alisema, akashusha pumzi.

"Usikimbie, wifi. Lako linakuja."

Wifi alifungua mlango wa behewa. Saruji yote ilikuwa upande wa mlango, imerundikwa karibu na dari. Upande wa pili kulikuwa na katoni za taa tu.

"Tuliweka hivyo ili ishushwe upesi," Bi Haraka alieleza.

"Ukibeba ndoo moja ya maji kwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto unakuwaje?"

"Unakuwa mwepesi."

"Ndiyo hivyo. Gurudumu lina ukingo unaolizuia lisitoke relini. Lakini likikosa uzito, kwenye kona ule ukingo unaweza kuparamia reli. Hapo treni imeacha njia. Na mzigo ukirundikwa juu, behewa linainama zaidi kila linapoyumba. Gurudumu bovu peke yake ni hatari. Na mzigo huu tena, na kona ile..." Wifi hakumaliza. Dereva ni kaka yake.

Bi Haraka hakujitetea. Aliita kikosi chake, mzigo ukashushwa wote. Behewa likapelekwa karakana kubadilishiwa magurudumu. Liliporudi, alichora mstari wa chaki katikati ya sakafu. Watu wake akawapanga safu mbili, kushoto na kulia, wakienda mfuko kwa mfuko. Saruji ilitandazwa chini, sawasawa mbele na nyuma. Katoni zikakaa juu, kisha kamba zikakazwa ili kitu kisihame.

"Bi Haraka, leo tunapakia au tunapima dawa?" mmoja alitania.

"Tunapima. Aliyechoka akanywe chai."

Hakuna aliyekwenda, na mlango ulifungwa mapema vilevile. Wifi alipita kukagua, akatazama mstari, akatazama mifuko.

"Safu mbili mimi nisingezifikiria," alisema.

"Na mimi nisingeliona lile bonde," Bi Haraka alijibu. "Wewe ni fundi, wifi. Kugongagonga nimefuta."

Tangu siku hiyo hapakii behewa kabla wifi hajalipitisha.

Mumewe aliondoka na treni yenye behewa lile, akapita kona ya darajani, akarudi. Alivua viatu mlangoni, akaulizia chai. Mkono wake ukafika kwenye rafu, ukatoka na vikombe viwili vilivyounganishwa, ambavyo Bi Haraka alivileta kutoka uani.

"Mbona hivi vimegandishwa?"

"Rudisha hapo," Bi Haraka alisema, akimpa kikombe kingine. "Hivyo havinywewi chai. Hivyo ndivyo vilivyokurudisha nyumbani."