Vidonge Ndani ya Ufa wa Jabali

Kila asubuhi Odeta Rwekaza aliosha vyombo, akafagia ua wao mdogo uliobanwa kati ya majabali, kisha akashuka mlima na ndoo kwenda bombani. Waliishi Ilemela, juu kwenye mawe, mahali ambapo ziwa huonekana mpaka visiwani. Mama yake, Wilhelmina, alikuwa mpishi wa shule ya bweni upande wa Butimba, hivyo aliondoka mapema hata Jumamosi.

Jumatatu moja Odeta alipimwa akakutwa na malaria. Alipewa dawa za siku tatu. Siku ya kwanza alizimeza vizuri. Siku ya pili homa ikashuka, akajiona mzima. Vidonge vilikuwa vichungu na vilimtia kichefuchefu. Akavifunga vyote vilivyobaki kwenye karatasi, akavisukuma ndani ya ufa wa jabali nyuma ya nyumba.

"Umemeza dawa?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

Siku ya tatu aliulizwa tena, akajibu vilevile.

Jumamosi, akitoka bombani, miguu ilimlegea. Alitua ndoo na kuketi karibu na Mama Agutu, jirani yao mwenyeji wa Rorya, aliyekuwa akigeuza dagaa wake walioanikwa kwenye mwamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka na jua lote hili?"

"Nasikia baridi."

Mama Agutu alimgusa shingoni. "Baridi gani! Mbona unawaka moto?"

Wingu zito lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Mama Agutu aliliangalia, akaangalia dagaa wake wa wiki nzima, kisha akachuchumaa. "Panda mgongoni."

Mvua iliwakuta katikati ya mteremko. Mama Agutu hakurudi nyuma.

Kwenye zahanati, Daktari Nestory alimpima joto, akamtoboa kidole, akampa maji yenye glukosi anywe taratibu. Mama, aliyepigiwa simu kazini, alipofika mbio, mtandio umelowa, daktari alimwambia malaria bado ipo.

"Lakini alimaliza dawa," mama alisema. "Nilimuuliza mwenyewe."

Daktari alikunja uso. "Kama alimaliza, basi zile dawa zimeshindwa. Itabidi nimpe nyingine."

Odeta alimtazama mama yake, kisha Mama Agutu, ambaye kanga yake ilikuwa ikichuruzika maji sakafuni.

"Sikumaliza," alisema, machozi yakimtoka. "Nilizificha. Nisamehe, mama."

"Umetusaidia sana kwa kusema," daktari alisema. "Sasa najua la kufanya. Tunaanza upya, na safari hii utameza mbele ya mama."

"Daktari, kwa nini nilisikia baridi wakati mwili una joto?"

Daktari alivuta kiti. "Vimelea vilivyobaki vilizaliana kwenye damu yako. Kinga ya mwili ikapeleka taarifa kwenye ubongo. Ubongo ndio unaopanga mwili uwe na joto kiasi gani, na ukishapandisha kiwango hicho, joto lako la kawaida unaliona baridi. Ndipo misuli inatetemeka ili itengeneze joto zaidi. Kazi hiyo inakula sukari iliyohifadhiwa mwilini, halafu mafuta, na homa ikikaa sana, hata misuli yenyewe. Moyo unakwenda mbio, maji yanapotea kwa jasho na pumzi."

"Ndiyo maana miguu iliisha nguvu?"

"Ndiyo maana. Na hamu ya kula inapotea wakati mwili unahitaji chakula. Kwa hiyo unywe uji na maji, hata kidogo kidogo."

Odeta alimeza dozi yote, mama akihesabu kila kidonge. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Mama Agutu. Dagaa wa siku ile waliharibika wote kwa mvua. Odeta alijua.

"Mama, asante kwa kunibeba. Ningesema ukweli tangu mwanzo, dagaa wako wasingeoza."

Mama Agutu alimsogezea sehemu ya kukaa kando yake. "Dagaa watavuliwa wengine, mwanangu. Nashukuru Mungu nimekuona umesimama kwa miguu yako. Ila shika jambo moja: homa ikishuka, ugonjwa unaweza kuwa bado upo, kwa hiyo dawa imalize. Na mama yako akikuuliza, mwambie kweli hata kama ni aibu. Anayekupenda hawezi kukutibu kwa kitu asichokijua."

"Nimeelewa, mama," Odeta alisema, akaanza kumsaidia kutandaza dagaa wapya.